Kompresa ndogo ya bar 300: namna ya kuitumia bila kuchemsha

Mwongozo huu unahusu zile kompresa ndogo za umeme zenye silinda mbili, mota ya takriban kilowati 1.8, ndoo ya maji pembeni na mpira mwembamba unaotoa hewa hadi bar 300 (bar na psi ni vipimo vya shinikizo), sawa na psi 4350 hivi, ingawa mara nyingi huandikwa 4500. Kazi yake ni kujaza chupa za bunduki za upepo, chupa za paintball na mitungi ya akiba ya lita 3 hadi 6.8. Hewa yake si ya kupumua. Ina ukungu wa oili, na kichujio kidogo cha pamba kilichofungwa pembeni hakiwezi kuisafisha kufikia kiwango cha kuzamia, hata maji ya kupoza yawe baridi namna gani.

Kinachoziua mashine hizi mapema ni joto. Ringi zinakauka, oringi (zile ringi za mpira za kuzuia hewa isivuje) zinakuwa ngumu kama plastiki, valvu zinajaa masizi, kisha mtu anasema kompresa ilikuwa feki. Mara nyingi haikuwa feki. Iliendeshwa dakika 40 mfululizo na ndoo ya lita 8.

Joto linazaliwa wapi

Kompresa hizi hubana hewa kwa hatua mbili tu. Ili hewa itoke bar 1 ifike bar 300, kila hatua inalazimika kuibana takriban mara 17. Kwa hesabu, hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikibanwa mara 17 ghafla, bila joto kupata pa kutokea, ingepita nyuzi 400. Ndani ya silinda haifiki huko kwa sababu chuma na maji vinanyonya sehemu ya joto hilo, lakini hesabu inakuonyesha mashine inapambana na nini. Kompresa za vituo vya kuzamia, kama vile vya Zanzibar na Mafia, hubana kwa hatua tatu au nne na kuipoza hewa kila baada ya hatua. Kwa hatua nne, kila moja inabana mara 4 na kidogo, na hesabu hiyohiyo inatoa nyuzi 180 hivi.

Kutokana na hapo, elewa jambo moja kuhusu geji ya joto: inapima chuma cha hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, haipimi hewa. Ikisoma nyuzi 60, hewa inayopita kwenye valvu ya silinda ndogo, ile ya hatua ya pili, ina joto kubwa kuliko hapo kwa mbali, na hiyo ndiyo inayopika oili. Vitabu vya mashine nyingi vinaruhusu geji kufika 70 au 75. Chukulia namba hiyo kuwa ni mahali pa hatari, si mahali pa kufanyia kazi. Kwenye joto la pwani simamisha kazi ikigonga 60.

Maji: kiasi kwanza, ubaridi baadaye

Watu hukimbilia barafu wakati ndoo yenyewe ni ndogo. Anza na hesabu hii. Mota ya kilowati 1.8 ikifanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zake, chukulia kilowati 1.2 zinaishia kwenye maji kama joto. Hizo ni kilojuli 72 kila dakika. Lita moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo ndoo ya lita 10 inapanda karibu nyuzi 1.7 kila dakika, na ya lita 20 inapanda nyuzi 0.9 hivi.

Sasa weka hali ya hewa yetu. Maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kiangazi yanaweza kuanzia nyuzi 28, na ya tangi la juu ya paa saa nane mchana yakawa moto zaidi. Maji yakishafika 40 hayapozi tena kwa maana. Kutoka 28 hadi 40, lita 10 zinakupa dakika 7, lita 20 zinakupa dakika 14, na pipa la lita 40 linakupa nusu saa kasoro. Kwa hiyo kiwango cha chini kiwe lita 20. Nafasi ikiwepo, chukua pipa la plastiki la lita 50 au 60, uache mdomo wazi ili mvuke utoke.

Maji yawe safi. Ya bahari usiyaguse: yanakula alumini ya hedi na viungo vya shaba. Ya kisima chenye chumvi au chokaa yanaacha ukoko kwenye njia za maji, na ukoko mwembamba tu unatosha kuzuia joto lisitoke. Maji ya mvua ndiyo bora. Changanya na kulanti ya magari, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, si kwa ajili ya baridi (huku hakuna kuganda) bali kwa dawa yake ya kuzuia kutu. Usizidishe, kwani kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji. Badilisha maji yakianza kuwa na rangi au utelezi.

Barafu inasaidia ikitumiwa kwa wakati wake. Gandisha maji kwenye chupa za lita 1.5, zifunge, usizijaze hadi mdomoni. Chupa moja, kuanzia barafu hadi ifikie nyuzi 35, inameza takriban kilojuli 720, yaani joto la dakika kumi hivi za kazi. Tatizo ni kwamba plastiki inapitisha joto polepole, kwa hiyo chupa moja haimudu kasi ya mashine. Tumbukiza mbili au tatu kwa pamoja.

Ila usianze kazi na maji ya barafu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi kinatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Silinda ikiwa baridi kiasi hicho, jasho linatokea ndani pia, maji yanashuka kwenye oili, na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Anza na maji ya kawaida. Tumbukiza chupa maji yakipita 35.

Pampu na mipira

Pampu ndogo ya kuzamisha inayokuja na mashine ni dhaifu, na udhaifu wake hauonekani kwa macho. Ipime hivi: washa pampu peke yake, elekeza mpira wa kurudisha maji kwenye chupa ya lita moja, uhesabu. Ikijaa ndani ya sekunde 20, unapata lita 3 kwa dakika, na maji yatatoka yakiwa na nyuzi 6 tu zaidi ya yalivyoingia. Ikichukua dakika nzima, tofauti inafika nyuzi 17, na hedi itachemsha huku ndoo ikiwa baridi. Ikizidi sekunde 30, tafuta sababu kabla hujawasha mota.

Sababu zenyewe ni chache. Mpira umekunjika pale unapopita ukingo wa ndoo. Pampu imekaa chini kabisa na kunyonya uchafu. Iinue juu ya kipande cha tofali. Ndoo iko sakafuni na kompresa iko juu ya meza, na pampu hizi hupoteza nguvu kwa kila sentimita ya kupandisha, kwa hiyo weka ndoo usawa mmoja na mashine au juu kidogo. Au kuna hewa imenasa kwenye hedi: inamisha mashine upande huu na huu pampu ikiwa inafanya kazi, mpaka mapovu yaishe kwenye mpira wa kurudi. Fuata mishale ya kuingia na kutoka maji iliyochorwa kwenye mashine. Kama haipo, njia ya kutokea ndiyo iwe juu ili hewa isipate pa kujificha.

Acha mwisho wa mpira wa kurudi uning'inie sentimita chache juu ya maji, usiuzamishe. Ukiwa juu unaona na kusikia maji yakianguka, na siku pampu ikikata utajua papo hapo. Na kwa kuwa hiyo ni pampu ya umeme ndani ya ndoo, tumia soketi yenye earth na swichi inayokata umeme ukivuja, wala usitie mkono kwenye maji plagi ikiwa imechomekwa.

Mota haina maji

Maji yanapoza silinda peke yake. Mota inapozwa na feni yake ya nyuma, kwa hiyo iachie nusu mita ya uwazi pande zote. Usiifungie ndani ya boksi la mbao kupunguza kelele, wala usiiweke juani. Feni ya kawaida ya mezani ikielekezwa kwenye mota na kwenye bomba la chuma linalounganisha silinda mbili inafanya kazi kubwa kuliko bei yake, maana bomba hilo ndipo hewa ya hatua ya kwanza inapopoa kabla ya kubanwa tena.

Umeme hafifu nao ni joto. Kwenye volti 230 mota hii inakula ampea 8 hivi. Volti zikishuka, ampea zinapanda na mota inachemka. Ekstensheni iwe na waya wa milimita 2.5 za mraba, fupi kadiri inavyowezekana, na ikunjuliwe yote. Ekstensheni iliyozungushwa kwenye kibiringo inapata moto yenyewe. Pima volti kwenye soketi mashine ikiwa kwenye bar 250, si ikiwa imezimwa. Ukikuta chini ya 205, subiri umeme utulie. Kwa jenereta, usiende chini ya kVA 5, kwa sababu mota hizi zinavuta umeme mara kadhaa ya kawaida wakati wa kuanza.

Oili

Kiwango kiwe katikati ya kioo, mashine ikiwa imelala sawa. Pungufu, pistoni zinasuguana zikiwa kavu. Ukizidisha, oili inapanda na hewa, inapikwa kwenye valvu na kuacha masizi. Mashine nyingi za aina hii huja na maelekezo ya oili ya haidroliki namba 46 yenye dawa ya kuzuia vyuma kulika. Oili ya sintetiki ya kompresa inahimili joto vizuri zaidi. Chagua namba ambayo kitabu cha mashine yako kinaikubali. Oili ya injini ya gari isiingie humo: dawa zake za kusafisha zinaleta povu na majivu. Badilisha ya kwanza baada ya saa chache tu za kazi, kwa sababu inabeba unga wa chuma wa ringi mpya, kisha kila ikianza kuwa nyeusi.

Kuna kosa moja hapa ambalo si la kuharibu mashine tu. Usipulize mafuta mepesi ya kopo wala kupaka grisi ya kawaida kwenye viungo vya hewa, mpira wa kujazia au valvu ya mtungi. Mvuke wa mafuta, hewa ya bar 300 na joto ni vitu vitatu vinavyofanya dizeli iwake ndani ya injini bila plagi, na ndani ya mpira wa kujazia vinaweza kufanya vivyo hivyo. Oringi za njia ya hewa zipakwe grisi ya silikoni, tena kidogo sana.

Kujaza, hatua kwa hatua

1. Kagua oili, jaza maji, badilisha pamba ya kichujio kama imelowa au imekuwa kahawia. Fungua valvu ya kutolea maji ya unyevu wa hewa, iliyo chini ya kichujio. Kama mashine yako ina mbili, fungua zote.

2. Washa pampu ya maji. Usiendelee mpaka uone maji yanarudi bila mapovu.

3. Unganisha mtungi. Angalia tarehe ya kupimwa na shinikizo lililopigwa muhuri juu yake. Mtungi wa bar 200 haujazwi 300 eti kwa sababu kompresa inaweza. Kabla mtungi haujafunguliwa, washa mota na uiache izunguke dakika moja au mbili valvu ya kutolea ikiwa wazi, ili oili ipande.

4. Funga valvu ya kutolea. Shinikizo la mpira likilingana na la mtungi, fungua mtungi polepole.

5. Kila dakika 5 fungua valvu ya kutolea kwa sekunde 2 au 3, ukiuelekeza mdomo wake kwenye chupa au kitambaa, mbali na uso. Hii si kwa ajili ya unyevu tu. Kila ukifungua, silinda ndogo inapumzika na geji ya joto inatulia. Na maji yenyewe ni mengi kuliko watu wanavyofikiri: kujaza mtungi wa lita 6.8 kutoka sifuri hadi bar 300 ni kubana hewa ya lita 2,000 na zaidi, ambayo kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inabeba gramu 50 hivi za maji, vijiko vitatu vya mezani na ushee.

6. Geji ya hedi ikifika 60, au maji ya ndoo yakifika 40, au dakika 15 zikiisha, lolote litakalotangulia, simama. Funga mtungi, fungua valvu ya kutolea mpaka geji ya shinikizo isome sifuri, acha mota izunguke bila mzigo dakika moja hadi mbili, kisha izime.

7. Pampu ya maji iendelee dakika 10 baada ya mota kuzimwa. Joto lililobaki kwenye chuma cha hedi halina pa kwenda usipoliondoa, na ukizima vyote kwa pamoja utaona geji ikipanda peke yake.

8. Pumzisha mashine mpaka hedi ishuke chini ya 40 ndipo uanze awamu nyingine. Anza kila mara valvu ikiwa wazi. Kuwasha mota huku silinda ina shinikizo ni kuichoma mota.

Mtu akiona awamu za dakika 15 anaudhika, hasa mwenye mtungi mkubwa. Kwa mashine inayobana lita 45 za hewa kwa dakika, lita 6.8 kutoka sifuri ni dakika 45 za kazi, yaani awamu tatu na mapumziko. Dawa ni kutoacha mtungi uishe. Kutoka bar 200 hadi 280 ni lita 544 tu za hewa, dakika 12, awamu moja. Chupa ya nusu lita inayohitaji kuongezwa bar 100 ni dakika moja na kidogo.

Zile bar 20 za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Mtungi nao unapata moto ukijazwa: ukifungwa ukiwa na nyuzi 60 na bar 300, ukipoa hadi 30 utasoma 273. Wengi wakiona hivyo wanawasha tena na kuilazimisha mashine ikae juu ya bar 290 kwa dakika kadhaa, mahali ambapo joto ni kali kabisa. Ridhika na 270 au 280. Kama ni lazima ufike 300, weka mtungi kivulini saa nzima upoe kwanza.

Ikichemsha, soma dalili

Hedi moto, maji ya ndoo baridi: maji hayazunguki. Rudi kwenye kipimo cha chupa ya lita moja. Hata hivyo, kama mashine imeshapita 75 na maji hayakuwa yanazunguka, usimimine maji baridi ghafla. Zima, toa shinikizo, iache ipoe yenyewe nusu saa. Hedi ya alumini inaweza kupasuka, au gasketi ikaachia.

Hedi moto, ndoo moto: maji ni machache au umezidisha muda. Hakuna kibaya kilichoharibika.

Joto linapanda haraka lakini shinikizo linakwama, tuseme kwenye bar 180: valvu ya silinda ndogo haifungi au ringi zimekwisha. Hewa ileile ya moto inarudi na kubanwa tena na tena. Kuongeza maji hakutasaidia. Fungua hedi, safisha masizi kwenye valvu, kagua ringi. Kabla ya kufungua chochote paka sabuni ya maji kwenye viungo, maana oringi iliyopasuka kwenye kiungo cha mpira inaleta dalili hiyohiyo na ni ya kubadilisha dakika mbili. Ukibadilisha, nunua za Viton, zinazovumilia nyuzi 200. Zile nyeusi za kawaida za nitraili huanza kukakamaa karibu na 100.

Mota ndiyo moto huku hedi iko sawa: umeme au kapasita (kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza). Pima volti kwanza.

Bamba la usalama (kipande chembamba cha chuma kinachopasuka shinikizo likizidi) limepasuka kwa kishindo: limefanya kazi yake. Weka lingine la kiwango kilekile. Kuna wanaoweka sarafu au vipande viwili vya bamba; huko ni kuhamisha mahali pa kupasukia kutoka kwenye bamba la bei ndogo hadi kwenye kitu kilicho karibu na uso wako.

Zile ndogo za volti 12

Hizi hazina ndoo. Zina feni na kasha. Sheria ni zilezile ila muda ni mfupi zaidi: dakika 10 kazi, 20 kupumzika, na ni za chupa za bunduki tu, si za mitungi. Mashine ya wati 250 inavuta ampea 21 kwenye volti 12, kwa hiyo soketi ya kuwashia sigara haifai. Tumia klipu moja kwa moja kwenye betri, injini ya gari ikiwa inaunguruma ili volti zisishuke. Na ziweke nje kwenye upepo, si kwenye buti.

Ukimaliza kwa siku hiyo

Toa pampu kwenye ndoo, uinamishe mashine maji yote ya hedi yatoke, kisha puliza mpira wa maji kwa mdomo mpaka ukauke. Maji yakilala humo wiki mbili kwenye joto la pwani yanaota ukoga, na ukoga huo ndio utakaoziba pampu safari ijayo. Acha valvu ya kutolea ikiwa wazi na utoe pamba iliyolowa.